Nusu ya Kidonge: Watoto na Majaribio ya Dawa

Septemba 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa Homa Bay na kaunti jirani dhidi ya malaria kwa chanjo ya RTS,S. Malawi na Ghana zilikuwa zimetangulia tangu mwezi wa nne. Sindano ilitolewa kliniki, kwenye benchi lile lile la chanjo ya surua, na muuguzi akaijaza kwenye kijitabu kile kile cha mama na mtoto. Februari 2020 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, likachapisha shutuma nzito: huo ulikuwa utafiti, kwani maeneo yaligawanywa kwa kura, mengine yakapewa chanjo mapema na mengine yakawekwa yasubiri ili matokeo ya pande mbili yalinganishwe, na wazazi hawakuombwa ridhaa ya utafiti. Shirika la Afya Duniani, WHO, likajibu kwamba mamlaka za dawa za nchi zote tatu zilikwisha kuiruhusu chanjo, na kwamba mzazi aliyepewa maelezo kisha akamleta mtoto ameridhia kwa kitendo chake.

Kabla vumbi halijatulia, tarehe 1 Aprili 2020, wataalamu wawili kwenye televisheni ya Ufaransa wakawaza kwa sauti kama chanjo ya BCG isingefaa kujaribiwa Afrika dhidi ya Korona, mahali pasipo na barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Bara zima likawaka. Hasira ilikuwa ya haki, ila iliacha mambo yamechanganyika: tangu hapo kila sindano mpya ya mtoto inaulizwa kama ni kinga au ni majaribio. Kiswahili chenyewe hakisaidii sana. Chanjo iliyoidhinishwa lakini bado inafuatiliwa, mpango wa awali wa serikali, na utafiti wa dawa ambayo haijajulikana kama inafaa, vyote tunaviita majaribio, neno linalokaa jirani mno na majaribu.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko Korona. Je, ni halali kumwingiza kwenye utafiti mtu asiyeweza kujiamulia? Na tukikataa, nani analipa gharama ya kukataa huko?

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Kwa miaka mingi dawa ya mtoto ilikuwa dawa ya baba yake iliyokatwa. Kidonge kinawekwa kwenye sahani, kinagawanywa kwa kisu, kipande kimoja kinaruka chini ya meza. Kilichobaki kinasagwa kati ya vijiko viwili na kuchanganywa na sukari. Mtoto anaonja, anatema. Mama anakadiria kilichotemwa, anaamua kama aongeze au aache. Hilo nalo ni jaribio la dawa, ila halina msimamizi, halina daftari, na matokeo yake hayamfikii mama wa pili.

Ingekuwa suala la uzito tu, hesabu ya kugawanya ingetosha. Mwili wa mtoto, hasa mchanga, unafanya kazi kwa namna yake: ini halijakomaa, figo zinachuja taratibu, maji mwilini ni mengi zaidi kwa uwiano. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza jinsi watoto wachanga waliopewa kloramfeniko, dawa iliyokuwa ikiwatibu wakubwa vizuri, walivyovimba tumbo, wakageuka rangi ya kijivu na kufa. Ini lao halikuweza kuivunja dawa ile, ikajilundika. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani Harry Shirkey akawapa watoto jina lililodumu: yatima wa tiba. Dawa zilikuwa zikitoka viwandani na maandishi kwamba hazijathibitishwa kwa watoto, na madaktari wakiwapa watoto hizo hizo kwa kuwa hawakuwa na nyingine.

Afrika Mashariki yatima hao tunawajua kwa sura. Dolutegravir, dawa ya VVU iliyo imara kuliko zilizotangulia, iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima na vijana wakubwa mwaka 2013. Kidonge chake cha kuyeyuka kwa watoto wadogo kilisubiri hadi 2020. Miaka saba si michache kwa ugonjwa ambao, bila tiba, huua karibu nusu ya watoto walioambukizwa kabla ya kufikisha miaka miwili. Kichocho ni vilevile: watoto wa kando ya Ziwa Viktoria huanza kuoga na kuchezea maji yenye vimelea kabla hata hawajajua kuongea, lakini kwa miongo kadhaa kampeni za kugawa prazikwanteli ziliwaruka walio chini ya umri wa shule, kwa kuwa hapakuwa na kidonge cha kiasi chao. Kilipatikana baada ya utafiti uliowashirikisha watoto wa Kenya na Ivory Coast, na Wakala wa Dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kukikubali Desemba 2023.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ina historia ya kufurahisha zaidi. Watafiti wakiongozwa na Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara walilinganisha kidonge cha kawaida kilichosagwa na kidonge kipya chenye ladha tamu kinachoyeyuka majini, kwa watoto 899 wa nchi tano za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Matokeo yalichapishwa 2008: kinachoyeyuka kinaponya sawasawa. Mwaka uliofuata kikaingia sokoni.

Kano, 1996

Anayetetea utafiti kwa mifano hiyo pekee anasimulia nusu ya kisa. Nusu nyingine iko Kano, kaskazini mwa Nigeria.

Mlipuko wa homa ya uti wa mgongo wa 1996 uliua maelfu ya watu nchini humo. Kampuni ya Pfizer ilifika katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Kano na kuwaandikisha watoto 200. Mia moja walipewa dawa yake mpya ya Trovan, mia moja wakapewa seftriaksoni. Watoto 11 walifariki, 5 wa kundi la kwanza na 6 wa kundi la pili, na wengine wakabaki na ulemavu. Katika hospitali hiyo hiyo Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakiwatibu wagonjwa bure kwa kloramfeniko, dawa iliyozoeleka kwa milipuko ya aina hiyo.

Gazeti la Washington Post lilipoanika habari hiyo Desemba 2000, familia zilidai hazikuwahi kuelezwa kwamba watoto wao wako kwenye utafiti. Ilidaiwa pia kwamba kundi la kulinganishia lilipewa dozi pungufu, na kwamba barua ya kibali cha maadili iliandikwa baadaye na kuwekwa tarehe ya nyuma. Kampuni ilikana makosa, ikisema wazazi waliridhia kwa mdomo na dawa yake iliokoa maisha. Mwaka 2009 ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Trovan yenyewe haikuwahi kuidhinishwa kwa watoto Marekani, na mwaka 1999 matumizi yake hata kwa wakubwa yalibanwa kwa sababu ya kuharibu ini.

Bili ya Kano haikuishia mahakamani. Mwaka 2003 majimbo ya kaskazini mwa Nigeria yaliposusia chanjo ya polio, kumbukumbu ya Trovan ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na virusi vikasambaa kutoka huko hadi nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zimeshavitokomeza. Watoto waliopooza kwa susio hilo hawakuwahi kuhesabiwa kwenye utafiti wowote wa Pfizer.

Wanaokataa

Wapo wanaosema mtoto asiguswe kabisa na utafiti usiomtibu yeye mwenyewe. Hoja yao ina mizizi mirefu. Tangu katikati ya miaka ya 1950, katika taasisi ya Willowbrook jijini New York, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi ili ugonjwa usomwe, na wazazi walisaini. Saini ya mzazi, basi, haitoshi kuwa ngao. Tena mzazi huamua kwa niaba ya mtu atakayeishi na matokeo kwa miaka sitini ijayo.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unakumbuka nani hubeba hatari. Utafiti haufanywi kwenye mitaa ya matajiri kama Muthaiga na Masaki. Unafanywa penye malaria na utapiamlo, yaani penye umaskini, na mtoto wa maskini ndiye huingizwa kwenye daftari. Udhaifu wake umo kwenye ile sahani yenye kidonge kilichokatwa: kukataa utafiti hakuondoi hatari, kunaihamisha kutoka wodi inayosimamiwa hadi jikoni kusiko na msimamizi.

Karatasi ya ridhaa na vijiko vya damu

Kambi ya pili inasema kanuni zipo, tuzifuate. Azimio la Helsinki la 1964 limerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 2024. Tanzania ina taasisi ya NIMR upande wa maadili na mamlaka ya TMDA upande wa dawa. Kenya ina kamati za maadili zilizosajiliwa, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu. Mzazi husomewa fomu, huuliza, husaini au huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtafiti. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye huulizwa kama anakubali, na akikataa anapaswa kusikilizwa.

Kwenye makaratasi kanuni hizi ni imara. Zinayumba zinapoteremka kijijini.

Chukua damu. Fomu za Kiswahili hupima damu kwa vijiko vya chai, kwa kuwa mililita tano haimwambii mzazi kitu. Ni busara. Lakini pwani yetu ina Mumiani, mnyonya damu aliyesemwa tangu zama za mkoloni kwamba anawawinda watu ili damu yao igeuzwe dawa. Mwanahistoria Luise White alizitolea hofu za aina hiyo Afrika Mashariki na Kati kitabu kizima mwaka 2000. Mzazi anayeuliza damu inakwenda wapi si mjinga. Anauliza swali ambalo babu yake aliuliza wakati mzungu hakuwa na sababu ya kumjibu, na mara nyingi jibu la kweli leo ni kwamba sehemu ya damu itawekwa kwenye friji kwa miaka na pengine itasafirishwa nje. Asipoambiwa hivyo na mtafiti, ataambiwa na kijiwe.

Lugha nayo hutega. Dawa isiyo na nguvu ya tiba, inayopewa kundi la kulinganishia, huandikwa dawa bandia. Ni neno lile lile linalotumika mamlaka zinapotangaza kukamatwa kwa shehena ya dawa feki. Mzazi anasoma kwamba mtoto wake anaweza kupewa dawa bandia, kisha anatakiwa asaini.

Kanuni zinayumba zaidi ya hapo kwenye huduma. Mtoto aliye kwenye utafiti hupimwa mapema, hutibiwa bila malipo, hupewa nauli, na akizidiwa usiku huenda gari la mradi likamfuata. Jirani yake asiye kwenye utafiti hupanga foleni kwenye zahanati iliyoishiwa dawa. Mradi wa namna hii machoni pa watu huwa hospitali nzuri kuliko zote, na mzazi husaini ili apate hospitali, utafiti ukiwa shurti tu. Watafiti wanalijua hili na hawana dawa yake. Wakipunguza huduma wanakuwa wakatili, wakiizidisha wanazidi kuinunua ridhaa. Kwa maoni yangu kosa haliko kwenye huduma ya mradi. Liko kwenye ile zahanati iliyoishiwa dawa, na kamati ya maadili haina mamlaka ya kuijaza makabati.

Watoto 3,141

Mfano unaostahili kukaliwa zaidi ni utafiti wa FEAST, uliofanyika kati ya 2009 na 2011 katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, Kilifi, Muheza na Mulago zikiwemo, chini ya Profesa Kathryn Maitland.

Mtoto anafikishwa na homa kali, amepoteza fahamu au anahangaika kupumua, viganja vya baridi. Daktari anabonyeza ukucha wake mpaka unakuwa mweupe, anaachia, anahesabu. Damu ikichukua sekunde tatu au zaidi kurudi, mzunguko umedhoofika. Katika hospitali za nchi tajiri mtoto huyo angemiminiwa dripu kwa kasi ndani ya saa ya kwanza. Vitabu vilielekeza hivyo. Afrika hospitali nyingi hazikuwa zikifanya, na wengi waliamini huo ni upungufu wetu mwingine. Utafiti ulitarajiwa kuonyesha ni maisha mangapi yangeokolewa kwa dripu ya haraka.

Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: dripu ya haraka ya albumini, dripu ya haraka ya maji ya chumvi, na kundi lisilopewa dripu ya haraka ila maji ya kiasi cha kawaida. Wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, jambo la kukumbukwa na yeyote anayetaka kuyatumia matokeo haya. Januari 2011 kamati huru inayochungulia data wakati watafiti wenyewe hawaruhusiwi kuiona ikaamuru uandikishaji usimame. Kati ya watoto 3,141, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya dripu ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisiloipata. Tiba iliyoaminika kwa miongo kadhaa ilikuwa inaua watoto watatu zaidi katika kila mia.

Na ridhaa? Mama aliyebeba mtoto anayekata roho hawezi kusomewa kurasa kadhaa. Kamati za maadili ziliruhusu aelezwe kwa kifupi na akubali kwa mdomo, kisha fomu kamili isomwe hali ikitulia. Kuna watoto ambao hali yao haikutulia. Likabaki swali kama mzazi aliyefiwa afuatwe na karatasi ya kusaini, au aachwe na msiba wake.

Mpinzani atasema: mnaona, watoto walikufa utafitini. Ni kweli, na walikufa zaidi kwenye makundi yaliyopewa tiba ya vitabuni. Bila utafiti, hospitali zetu zingeendelea kusukumwa zifikie kiwango cha nchi tajiri, na kila hospitali iliyofaulu ingepoteza watoto hao watatu katika mia bila kujua kwa nini. Swali hili lisingejibiwa London, kwa kuwa mtoto wa London ni nadra kufika hospitali na malaria kali na upungufu wa damu, naye akifika ana mashine za kumsaidia kupumua. Lingejibiwa hapa au lisijibiwe. Linaloudhi ni lililofuata: mjadala ulivutwa kwa miaka, na mwongozo wa WHO wa dharura za watoto uliorekebishwa kuhusu maji haya ulitoka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa.

Nani anakula matunda

Turudi kwenye RTS,S. Jaribio lake kubwa lilianza 2009, watoto 15,459 katika nchi saba. Kwetu lilipita Kilifi, Siaya, Kombewa, Bagamoyo na Korogwe. Tatizo la dawa bandia lilitatuliwa vizuri: watoto wakubwa wa kundi la kulinganishia walipewa chanjo halisi ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hakuna aliyechomwa sindano ya bure. Chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 kwa waliopata dozi nne wakiwa wameanza na miezi 5 hadi 17. Zikabaki dalili za kutia shaka, homa ya uti wa mgongo na vifo vya wasichana, ambazo ndizo zilizofanya mpango wa Kenya, Ghana na Malawi ufuatiliwe kwa karibu. Mpango huo haukuzithibitisha shaka hizo, na vifo vya watoto vikaonekana kupungua kwa asilimia 13. WHO ilipendekeza chanjo itumike kwa upana Oktoba 2021.

Mtoto wa Korogwe aliyeandikishwa 2009 alikuwa na umri wa miaka 12 hivi wakati huo. Hata angekuwa kwenye kundi la kulinganishia, chanjo haikuwa tena ya umri wake. Hili ni la kawaida na wazazi hawaambiwi waziwazi: mtoto wako hutoa, mdogo wake hupokea, pengine mdogo wa nchi nyingine. Kameruni, iliyokuwa ya kwanza kuingiza chanjo hii kwenye ratiba ya kawaida nje ya zile nchi tatu, Januari 2024, haikuwa miongoni mwa nchi saba za jaribio. Chanjo ya pili, R21, ilienda kwa kasi zaidi. Jaribio lake la watoto 4,800, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo, lilianza 2021, na pendekezo la WHO likaja Oktoba 2023. Kumbe miaka 12 ya kuisubiri RTS,S haikuwa amri ya sayansi peke yake. Palikuwa pia na fedha zilizochelewa na tahadhari iliyorudufishwa.

Mizani

Ukivipima visa hivi pamoja, maswali mawili yanabeba uzito kuliko saini. La kwanza: je, ni mtoto tu, na wa mahali hapa tu, anayeweza kulijibu swali la utafiti? FEAST ilipita. Kichocho kilipita. Kano haikupita, kwa kuwa tiba inayojulikana ilikuwa ikitolewa bure hapo hapo hospitalini, na mlipuko ule uliipa kampuni wagonjwa wengi kwa muda mfupi. La pili: aliyetoa mtoto aliambiwa ukweli wote uliokuwa ukijulikana siku ile? Hapo mpango wa 2019 uliteleza. WHO ilikuwa sahihi kuhusu chanjo na ikakosea kuhusu ridhaa. Ikiwa dalili za homa ya uti wa mgongo zilikuwa nzito kiasi cha kuhitaji ufuatiliaji wa nchi tatu, zilikuwa nzito kiasi cha kutajwa kwa mama kwenye benchi. Kwamba baadaye shaka ilifutika hakubadilishi alichostahili kujua kabla.

Gharama ya kusema ukweli huo ipo. Baadhi ya wazazi wangeondoka, idadi ya waliochanjwa ingeshuka, na katika eneo la malaria kali kushuka huko ni vifo. Watumishi wa afya wanaohofia hilo hawana nia mbaya. Lakini Kano ilionyesha siri inavyolipwa, na inalipwa na chanjo nyingine, miaka saba baadaye, kwa watoto ambao hawakuwa hata wamezaliwa.

Kinachobaki ni kazi ndogondogo za kuchosha. Mkataba kati ya mfadhili na serikali utaje bei na muda wa dawa kuifikia wilaya iliyotoa watoto, kabla mtoto wa kwanza hajapimwa uzito. Bima ya madhara iandikwe kwa shilingi. Matokeo yarudishwe barazani, hata yakiwa mabaya. Na ukurasa wa mwisho wa fomu ya ridhaa, ule wenye namba ya simu ya kamati ya maadili, uletwe mbele. Kwa sasa mzazi mwenye wasiwasi hukimbilia kwa kijana wa mradi anayekaa mtaani kwao, ambaye ndiye aliyemwandikisha mtoto, na ndiye anayelipwa mshahara na mradi.